Rais Aliyekosa Picha Ukutani

Ukutani kwa baba yangu, kule Ipinda, kulikuwa na picha tatu: Bwana Yesu, rais wetu wa kwanza, na rais wa Marekani aliyepigwa risasi akiwa ndani ya gari la wazi. Hiyo ya tatu ilikatwa kwenye gazeti la zamani na kubandikwa kwa uji. Karatasi ilishageuka rangi ya chai, lakini yule bwana alikuwa bado anacheka. Baba alikuwa karani wa mpunga, mtu asiyependa kupoteza maneno. Siku moja, nikiwa darasa la tano au la sita, nilimuuliza nani alishika nchi baada ya huyu kuuawa. Akajibu bila kuinua macho, "Mmoja hivi, mrefu. Huyo ni wa vita." Basi, mazungumzo yakaisha.

Huyo mrefu nilikuja kumjua nikiwa chuo cha ualimu, na nilimpenda kwa ukaidi tu, kwa sababu baba hakumpa nafasi ukutani. Niligundua kwamba kabla ya siasa alikuwa mwalimu kama nilivyotaka kuwa mimi, akifundisha watoto maskini wa Kimeksiko waliokuja darasani bila kutia kitu mdomoni. Niligundua pia kwamba mambo mengi aliyosifiwa yule wa kwenye picha yalikuwa bado ni ahadi siku alipokufa. Aliyeyatekeleza ni huyu. Ndiye aliyewakaba wabunge mpaka wakapitisha sheria ya kukataza ubaguzi hotelini na kazini, kisha sheria ya kulinda kura za watu weusi, kisha matibabu kwa wazee na fedha kwa shule za maskini. Mwenzake aliahidi, yeye akafanya, na watu wakaendelea kumlilia mwenzake.

Halafu kuna Vietnam, na hapo hata mimi hushusha sauti. Aliikuta vita ikiwa changa akaikuza, akapeleka askari juu ya askari, vijiji vikaungua, mpaka vijana wa nchi yake mwenyewe wakawa wanakuja kumzomea nje ya geti. Mwisho alitokea kwenye televisheni akasema hatagombea tena, akarudi kwao kwenye ng'ombe zake. Kila mwaka, kwa zaidi ya miaka ishirini niliyofundisha historia hapa Kyela, nilimfundisha mtu huyo kwa sauti moja ya kumtetea na nyingine ya kumsikitikia. Muhtasari wa somo haukunitaka nikae naye muda wote huo. Nilikaa naye kwa sababu nilimwelewa. Alikuwa na wivu. Alishindana na maiti, na maiti huwa hakosei.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba wivu si kitu nilichokisoma vitabuni. Ninao, na ninaujua unapokaa, hapa chini ya koo, kama punje ya wali iliyokwenda njia isiyo yake.

Mwaka juzi tuliletewa mwalimu mpya wa historia kutoka Tanga. Alikuwa msichana wa miaka isiyozidi thelathini, mtandio umekaa kichwani vizuri hata kwenye joto letu hili la kunyonga, na Kiswahili chake kikawa kinateremka chenyewe. Sisi Wanyakyusa tunasema Kiswahili kwa nguvu, kama tunaobeba gunia kupanda ngazi. Yeye akisema "tafadhali" darasa zima linanyamaza. Alipanga chumba Mbugani, kwa mama mmoja muuza vitenge, na kabla ya miezi miwili wanafunzi walikuwa wanakwenda kwake Jumamosi kusoma, bila kulazimishwa. Mimi Jumamosi zangu nilikuwa nawaswaga darasani kwa fimbo.

Hayo ningeyameza. Nimeshawahi kumeza walimu wazuri kuliko mimi, wakahamishwa, nikabaki. Kilichonishinda ni kwamba miongoni mwa waliokwenda Mbugani alikuwemo binti yangu.

Ni mtoto wangu wa pekee. Baba yake alifariki binti akiwa bado hajaanza shule, na tangu hapo tuko wawili nyumbani. Nilimfundisha kuhesabu kwa punje za mpunga juu ya mkeka, na kusoma kwa maandishi ya mifuko ya mbolea. Alipoingia sekondari yetu tuliwekeana sharti kwamba getini naacha kuwa mama, naitwa Madam kama wanavyoitwa wengine. Alilishika sharti hilo kuliko nilivyotaka. Alipofika kidato cha nne alikuwa anaitwa "mtoto wa Madam" na kila mtu, akipata alama nzuri ni mtoto wa Madam, akikosa pia ni mtoto wa Madam.

Basi mtoto huyo akaanza kurudi Jumamosi jioni akiwa na maneno mapya mdomoni. "Mama, hebu niwie radhi." Niwie radhi! Kwetu unasema samahani ukimkanyaga mtu, ukikosea zaidi ya hapo unaleta kuku. Akaanza kunikalia mezani na kusema Madam wa Tanga amesema hivi, Madam wa Tanga ana kitabu kile, Madam wa Tanga ametuonyesha kwenye simu hotuba ya yule rais wako mrefu, mama, kumbe sauti yake inakwaruza! Miaka ishirini namsimulia mtu yule, nikimwigiza mpaka mabega yake, halafu mwenzangu anafungua simu tu na kumtoa akiwa mzima.

Lakini lililoniuma mpaka nikaweka kijiko chini lilikuwa la nazi. Siku moja nimerudi kutoka kikao cha walimu nimekuta binti yangu amepika wali wa mchele mpya, ule tuliovuna wiki hiyo hiyo, na ameutia nazi. Mchele wa Kyela! Mchele ambao watu wa Dar es Salaam wanasafirishiwa kwa magari ili waisikie harufu yake. Unachemsha maji, unatia chumvi kidogo na mafuta kidogo, jirani anajua umepika. Kuutia nazi ni kumpaka poda mtoto mchanga.

"Nani kakufundisha?" nikauliza, kana kwamba sijui.

"Onja kwanza, mama."

Nilionja. Ulikuwa mtamu. Nilimwambia umezidi chumvi.

Hapa nieleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Msibani kwetu watu ni wengi na chakula hugawiwa na mwanamke mmoja anayeaminika, aliyeshika mwiko. Macho yote yako kwenye mkono wake. Mwanamke huyo humpakulia mtoto wake mwisho, na humpa kidogo, mara nyingi ukoko uliobaki chini ya sufuria, ili asitokee mtu wa kusema amependelea. Mama yangu alishika mwiko huo Ipinda mpaka mikono ilipoanza kutetemeka, na mimi nilikula ukoko utoto wangu wote. Alipoacha, nikaushika mimi, na binti yangu akaanza kula wake. Watu wanatusifu kwa hilo. Ukoo wetu hauna ng'ombe wengi wala majumba, una jina hilo tu.

Muhula wa pili, mpunga ukiwa umeshaanikwa, shule ikaandaa mdahalo. Mshindi mmoja angekwenda Mbeya kushindana na shule za mkoa mzima, mbele ya mawakili na watu wa chuo kikuu. Binti yangu anataka kusoma sheria. Lakini si hilo lililomkosesha usingizi wiki zile. Aliniambia wazi, tukipepeta mpunga uani: "Nataka nisimame mahali ambapo waamuzi hawamjui mama yangu. Wanipe alama zangu, ziwe nyingi, ziwe chache, ziwe zangu." Alikuwa kidato cha nne, nafasi ilikuwa hiyo hiyo moja. Nilimwambia atashinda. Nilimaanisha, siku ile.

Mwalimu wa Tanga ndiye aliyepewa kusimamia mdahalo. Alinifuata ofisini kwangu, maana mimi ni mkuu wa idara, akasimama mpaka nilipomwambia akae.

"Dada, nasikia habari za rais yule wa vita ya Vietnam ni zako hapa shuleni. Nilikuwa nataka tuzifanye mada. Waniruhusu?"

"Mada si shamba la mtu," nikamwambia. "Lima tu."

Akacheka, akanishukuru. Kama angekuwa na kiburi ningempenda.

Mada ikawa kwamba rais yule anastahili kukumbukwa kwa mema aliyowafanyia watu wake kuliko kwa vita aliyopigana ugenini. Kwa kawaida midahalo yetu ni ya Kiingereza, ila mkuu wa shule alitaka Kiswahili ili wazazi waelewe. Baada ya mchujo wakabaki wasichana wawili. Mmoja wa Ngana, mtoto wa wakulima wa kakao, ndiye wa kutetea. Binti yangu akaangukia kupinga. Waamuzi tulikuwa watatu, kama miaka yote: mchungaji mstaafu, bwana kilimo mmoja aliyeletwa hapa kutoka Singida, na mimi.

Nilipaswa kujitoa. Nilikwenda kwa mkuu wa shule nikamwambia mwanangu yuko jukwaani, tafuta mwingine. Akaegemea kiti akacheka. "Mwalimu, wewe tunakujua. Mama yako tulimjua. Mtoto wako ndiye atakayeumia, si mwingine." Nikaona raha kusikia hivyo, nikarudi darasani.

Siku ya mdahalo bwalo lilijaa. Wazazi walikuja na viti vyao, kina mama wamefunga vitenge vya kanisani, bwalo lote linanuka jasho na maandazi. Msichana wa Ngana alianza. Alisema vizuri, kwa mpangilio, akazitaja zile sheria moja baada ya nyingine kama nilivyozifundisha mimi, hata pale ninapopiga kidole mezani naye alipiga. Nilimpa alama zake. Alistahili.

Kisha akasimama binti yangu. Hakushika karatasi.

"Babu yangu alikuwa na picha tatu ukutani," akaanza. Nikakaa sawa kwenye kiti. "Ya tatu ilikuwa ya rais wa Marekani aliyeuawa. Huyu tunayemjadili hakuwa na picha. Mama yangu humwonea huruma kwa sababu hiyo. Mimi simwonei."

Watu wakacheka, wakageuka kunitazama. Nikatabasamu, maana ungefanyaje?

Akawaambia wazazi wamfikirie jirani yao hapa hapa Kyela. Amejenga nyumba nzuri, wazee wake wanatibiwa, watoto wake wanasoma, hata wale waliokuwa wanakula uani sasa wanakula mezani. Kisha mtu huyo huyo anavuka mto, anakwenda kuchoma nyumba za watu wa ng'ambo, na kila mwaka anarudi kuchoma nyingine, kwa sababu anaogopa kuitwa mwoga. "Je," akauliza, "mtakwenda kumwambia mama wa ng'ambo atazame jinsi jirani yenu alivyoezeka?" Wauza maandazi mlangoni wakaacha kuuza, wakasikiliza.

"Alikuwa na wivu," akasema. "Alitaka kupendwa kama yule aliyekufa. Mtu anayetaka hivyo hawezi kukubali kushindwa mbele za watu, hata kama gharama inalipwa na watoto wasiomhusu. Wivu wake ulianza ukutani kwa watu na ukaishia kwenye makaburi ya watu."

Hayo yalikuwa yangu. Wivu wa maiti ulikuwa wangu, niliusema jikoni kwangu, nikimenya ndizi, huyu akiwa na miaka kumi na mmoja. Lakini mimi niliusema kumwonea huruma mtu yule, na yeye ameuchukua akauelekeza upande mwingine, na umekuwa bora. Umekuwa kweli zaidi. Mkono wangu ulimwandikia alama kubwa kuliko nilizowahi kumpa mwanafunzi yeyote. Nakumbuka kalamu ilikuwa nyepesi. Machozi yalikuwa yananilenga, nasema kweli.

Kisha, kabla ya kukaa, akageukia pembeni alipokuwa amesimama yule mgeni wangu mwenye mtandio. Akainamisha kichwa kidogo, kwa adabu ya kwao, si ya kwetu. "Namshukuru mwalimu aliyenifundisha kufikiri."

Makofi yakalipuka.

Aliyenifundisha kufikiri. Mimi nilimfundisha nini, basi? Kuogea? Nilitazama karatasi yangu. Palikuwa na safu tatu: hoja, lugha, kujiamini. Kwenye hoja sikugusa, sikuthubutu, mchungaji alikuwa amekaa karibu. Nikaja kwenye lugha. Nikakata namba niliyoiandika, nikaandika nyingine, ndogo. Lugha ile haikuwa ya nyumbani kwangu, nikajiambia, ameigiza. Kwenye kujiamini nikakata tena, amevuka mpaka akamtaja mama yake hadharani. Sababu zilikuja zenyewe, kwa utaratibu, kama wanafunzi wa zamu. Nikaikunja karatasi nikaitoa bila kuinua uso.

Mkuu wa shule alijumlisha mbele ya watu wote. Msichana wa Ngana alishinda kwa alama mbili. Na kwa sababu mkuu wetu hupenda kufurahisha watu, akazisoma karatasi za waamuzi moja moja, akasema mchungaji na bwana kilimo walimpa ushindi binti wa Madam, aliyemshusha ni Madam mwenyewe. "Mwiko ule ule wa Ipinda!" akapaza sauti.

Vigelegele vikapigwa. Bibi mmoja aliyemjua mama yangu alikuja akanishika mikono yote miwili. "Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Umetutunzia heshima." Nilishukuru. Nilisimama pale nikashukuru, nikashikwa mikono na watu wasiopungua nusu ya bwalo. Binti yangu naye alikuwa anapiga makofi, akitazama sakafu.

Jioni hiyo alipika wali bila nazi. Tulikula, tukaosha vyombo, akaenda kusoma fizikia.

Jumatatu nilikwenda kwa mkuu wa shule. Nilimwambia nilikosea, mwanangu alistahili zaidi, na alama zangu hazikuwa za haki. Alinitazama kwa upole unaokera. "Mwalimu, unyenyekevu umekuzidi. Sasa unataka tumnyang'anye yule wa Ngana, baba yake ameshauza kakao kumnunulia viatu?" Alikuwa na haki, msichana wa Ngana hakuwa na kosa. Nikajaribu kutamka neno wivu. Lilifika kwenye meno likarudi. Nikamwambia asante, nikatoka, na nje nikakuta walimu wawili wakinisifia tena.

Yule rais, nadhani, angenielewa. Naye aliwahi kusifiwa kwa haki mchana kweupe huku akijua moyoni kuna jambo lingine linalowaka mahali ambapo hawa wanaopiga makofi hawapaoni. Tofauti ni kwamba haki yake ilikuwa haki kweli, na wazee walitibiwa kweli. Yangu ilikuwa namba mbili zilizokatwa kwa kalamu.

Jumamosi mwalimu wa Tanga alikuja nyumbani, amebeba vitumbua kwenye bakuli lililofunikwa. Binti yangu alikuwa mashineni anakoboa mpunga. Mgeni akaketi kwenye mkeka, akakataa kiti.

"Dada, nisikufiche, nilikuwa nakuja kukulaumu. Nilikasirika siku mbili. Mtoto wako akanizuia. Kaniambia kwenu anayegawa humpa mwanawe mwisho, na kwamba yeye kalelewa hivyo, na niache, maana hiyo ndiyo heshima ya nyumba yao." Akashika mkono wangu. "Nami nimejifunza. Kwetu tungeona ukatili. Sikujua."

Alisema hivyo, tena kwa macho yaliyojaa maji. Mwanangu alikuwa amenifunika, mbele ya mtu yule yule niliyekuwa namwonea kijicho, kwa kitambaa nilichomfundisha mimi kukifuma. Nilitaka kumwambia hapo hapo. Badala yake nilichukua kitumbua. Kilikuwa laini, kina iliki, na kilikuwa kitamu kuliko chochote nilichowahi kupika katika maisha yangu, na wivu ukanipanda upya, kwenye kitumbua, mtu mzima mimi! Nilikula viwili.

Msichana wa Ngana alikwenda Mbeya, akarudi na cheti cha nafasi ya nne, na shule yote ilimpokea getini. Binti yangu alimbebea begi. Nilikuwa nawatazama kutoka dirisha la ofisi na nikaona jinsi alivyoomba kukishika kile cheti, akakisoma chote, mpaka sahihi za waamuzi kule chini, majina ya watu wasionijua.

Wiki kadhaa baadaye shangazi yangu alifariki Ipinda. Tulikwenda wote, na mwalimu wa Tanga akaja pia, akakaa na wanawake kwenye mikeka kana kwamba amezaliwa pale. Baada ya mazishi nikapewa mwiko. Watu walikuwa wengi na mvua ilikuwa inanyemelea, nikagawa haraka, sahani baada ya sahani, wali na nyama, mpaka mkono ukafa ganzi. Nilijua nitakachofanya. Pembeni ya sufuria, chini ya mfuniko, nilikuwa nimetenga wali mweupe wa katikati na vipande vitatu vya nyama ya mapaja. Sijawahi kufanya hivyo maishani. Mama yangu angenipiga.

Binti yangu akaja wa mwisho kabisa, kama kawaida, nyuma yake hakuna mtu. Nikafunua, nikampakulia sahani ikajaa. Bibi aliyekuwa anasugua masufuria karibu yangu akakohoa. Binti yangu aliitazama ile nyama, kisha akainyoosha sahani kunirudishia.

"Mama, nipe ukoko."

"Kula hiki. Ni chako."

"Watu wanaona."

"Waone." Nikainama kama ninayetafuta kitu ndani ya sufuria, na yeye akainama pia, ikawa tunaongea na moshi. "Siku ile ya mdahalo haikuwa mila. Nilikuwa nimekupa alama zote. Nikazikata ulipomshukuru yule. Ulikuwa wivu, mwanangu, si kitu kingine. Nisamehe."

Hakushtuka. Alifuta masizi kwenye ukingo wa sahani kwa kidole gumba, polepole, mpaka pakawa safi.

"Najua," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Msibani ukinipa ukoko huwa unanitazama, mama. Tangu nikiwa mdogo. Unanitazama hivi, kama unaniambia nivumilie, tutakula nyumbani. Siku ile hukunitazama."

Akaimwaga ile nyama na wali mweupe kwenye sinia la bibi msugua masufuria, akanyoosha tena sahani tupu mbele yangu. Nilikwangua sufuria, nikamwekea ukoko, na nikamtazama. Yeye alikuwa anatazama sahani.